Maunteni kuukuu: pesa ianzie kwenye tairi, cheni na breki

Baiskeli za maunteni zenye magurudumu ya inchi 26 za miaka ya 1990 bado zipo kwa wauza mtumba Dar, Tanga na Mombasa, na fremu zake za chuma zinafaa kabisa kwa safari za kila siku. Kinachosikitisha ni kuona mtu akipata hela kidogo anakimbilia shokapu mpya au siti laini, huku cheni imechakaa na breki hazishiki.

Kabla ya kununua hata nati moja, legeza bolti ya siti uone kama bomba lake linazunguka. Huku pwani, bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma huganda kwa chumvi na unyevu, na likishaganda sana linaweza kukuharibia fremu. Likitoka, lisugue, lipake grisi, ulirudishe. Alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba ifichike ndani ya fremu.

Tairi za kashata kubwa, yaani zenye vinundu vikubwa mgongoni, ni za matope. Kwenye lami zinavuma na kukumalizia nguvu. Weka 26 × 1.75 au 1.95 yenye mgongo laini. Lakini soma ubavuni kwa makini: 26 × 1.75 na 26 × 1 3/8 si saizi moja. Ya kwanza ina namba 559, ya pili 590, na hizo ni milimita za kipenyo cha rimu. Zinapishana milimita 31, kwa hiyo haitakaa hata muuzaji aape. Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa psi 40 mbele na 50 nyuma unatosha. Ukibeba mzigo ongeza nyuma, ila usipite kiwango kilichoandikwa kwenye tairi.

Pancha ikijirudia, tazama tundu liko wapi. Likiwa upande wa tyubu unaogusa rimu, kagua vichwa vya spoku na utepe unaovifunika. Matundu mawili sambamba ni dalili kwamba upepo ulikuwa mdogo na tyubu ikabanwa na rimu ulipopiga shimo la barabarani. Likiwa upande wa nje, pitisha pamba ndani ya tairi lote: palipo na mwiba, nyuzi zitanasa.

Cheni ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu inaendelea kuzunguka hata ikiwa imekwisha. Chukua futi ya chuma, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha tazama alama ya inchi 12. Cheni isiyochakaa inakuwa na pini ambayo katikati yake ipo kwenye alama hiyo kamili. Pini ikiipita kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ikiipita kwa 1/8, friwili (seti ya gia za gurudumu la nyuma) nayo imekwenda: meno yameliwa kufuata cheni iliyorefuka, na cheni mpya itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu kwenye mlima. Hapo watu humlaumu fundi wa gia bure. Nunua vyote viwili pamoja, friwili ya meno 14 hadi 28 ikiwezekana. Wakati wa kufungua ile ya zamani, shikiza kifunguo cha friwili kwa nati ya ekseli, kwa kukaza kidogo tu. Kikiteleza kitakula vishikio vya friwili na kazi itakuwa ngumu mara kumi. Ikianza kulegea, toa nati kwanza ndipo uendelee kufungua.

Breki za kizamani zenye waya unaovutwa kutoka katikati unaweza kuzibadilisha ziwe V-brake, zile zenye mikono mirefu na waya unaovutwa kutoka ubavuni, kwani hufungwa kwenye vigingi vilevile vya fremu. Sharti ununue na mikono yake ya kwenye usukani. Mkono wa zamani huvuta waya mfupi, kwa hiyo utagusa usukani kabla raba hazijabana vizuri. Raba ziguse rimu tupu, zisipande kwenye tairi maana zitalikata ubavuni, wala zisishuke chini ya ukingo wa rimu. Ncha ya mbele itangulie kugusa kwa kama milimita moja, na mlio utapungua. Badilisha waya na kava zake pia. Kava ikishakatwa, fungua mdomo wake kwa msumari mwembamba, la sivyo waya utakwama.

Kama shokapu ya mbele imeshalegea, foko ngumu, yaani isiyo na shokapu, ni nyepesi na haina cha kuharibika. Pima kwanza urefu kutoka ekseli hadi taji la foko, pale juu miguu yake miwili inapoungana: ikiwa fupi mno, pua ya baiskeli inashuka, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na pedali zinaanza kugonga chini kwenye kona.

Keria na madigadi zifungwe kwa bolti zenye washa za springi. Ukishabeba dumu la lita 20 kwa siku chache, zikaze tena zote, hasa zile za chini karibu na ekseli. Ukibadilisha pedali, ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha spana kama mshale wa saa. Ipake grisi kabla ya kuirudisha.