Sura ya tatu imekataliwa

Jumapili usiku, Kibirizi, Kigoma

Sura ya tatu ya hadithi ninayoandika imekataliwa. Nilimsomea mdogo wangu, ambaye haongei ila hujibu kwa macho, barazani mvua ilipokatika, simu mkononi, mbu miguuni, na nilipofika mwisho nikanyamaza kusubiri hukumu. Akatupa macho kushoto. Kushoto ni hapana. Juu ni ndiyo. "Nitafikiria" haina upande.

Nikadhani ni urefu. "Ndefu sana?" Kushoto. "Ule mwanzo?" Kushoto. "Kuna mahali hujaelewa?" Hapo akafumba macho kabisa, ishara ambayo nyumbani kwetu kila mtu anaijua: usinitukane. Ikabidi niingie ndani kuleta boksi.

Boksi ni upande mmoja wa katoni ya biskuti niliouchora kwa maka peni miaka sita iliyopita. Mwanzo nilipanga herufi moja moja, A mpaka Z, kama nilivyoona kwenye picha za huko nje, na yalikuwa mateso. Neno la herufi nane linakula robo saa. Mama ndiye aliyetuokoa, akipita na ndoo yake: "Si umfundishe kama ulivyofundishwa wewe darasa la kwanza?" Ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili kimetufadhili hapo, maana karibu kila silabi inaishia kwenye irabu. Sasa boksi lina mistari sita ya konsonanti, na mb, nd, ng, ny, sh na ndugu zao wamekaa chini. Ninataja mstari, anapandisha macho. Ninasoma konsonanti za mstari huo, anapandisha. Kisha ninaimba a, e, i, o, u mpaka anisimamishe. "Dagaa" ni vituo vitatu badala ya vitano. Yanayotusumbua ni maneno wageni. "Penalti" ina ile l inayoning'inia peke yake, kwa hiyo tulikubaliana kuandika "penati", kama inavyotamkwa vijiweni.

Usiku huu alinisimamisha mara tatu. U. O. Ngo.

"Uongo? Mimi mwongo?"

Akapandisha macho. Kisha, kabla sijapumua, akayatupa kushoto. Ndiyo na hapana kwa swali moja. Nikafunga boksi kwa hasira, na hapa ninapoandika nimekaa jikoni nikijifanya nasubiri maji yachemke.

Nieleze sura yenyewe ili mnihukumu vizuri. Kijana wa miaka 15, jina bado, amekaa kwenye kiti mwendo barazani usiku. Anatazama taa za wavuvi wa dagaa huko ziwani na analia kimoyomoyo akitamani angekuwa na miguu ya kumfikisha majini. Taa nilizifananisha na nyota zilizopotea njia. Nilijipongeza kwa sentensi hiyo siku nzima.

Mdogo wangu ana miaka 17 na taa hizo anazipenda kweli. Giza likiwa nene anazihesabu. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, na yeye ananuna. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana, ziwa lilikuwa jeusi kila usiku. Nilimuuliza kama ameziona taa zinakosekana. Akaomba boksi. Nikajiandaa kwa neno zito. Akaandika: be-i. Bei ya dagaa ilikuwa imepanda na mama alikuwa amepunguza kiasi anachomtwangia.

Kwa wasiomjua: alizaliwa amechoka, kama manesi wanavyosema. Hakulia. Ubongo ulikosa hewa kwa muda, na sehemu zinazoamuru misuli zikaumia. Mkono wake huanza safari kwenda kwenye kikombe na kuishia sikioni. Shingo humwangukia. Ulimi hauwezi kushika neno wala kugeuza tonge kavu. Karatasi zinasema "mtindio wa ubongo", neno ambalo mtaani lina maana moja tu: hana akili. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini mwili unakua, misuli inakaza, nyonga na magoti vinajikunja usipovinyoosha. Kila asubuhi mama humnyoosha viungo taratibu kama anayesukuma chapati, naye huvumilia huku akisikiliza redio. Analishwa akiwa amekaa wima, bila haraka, maana chakula kikikosea njia kinaingia kwenye mapafu. Haya yote yako sura ya kwanza, na sura ya kwanza aliipitisha bila kelele.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama mtoto mwingine yeyote. Shule tuliyompeleka ilikuwa na ngazi saba za kupanda mlangoni na mwalimu mmoja muungwana aliyetuambia turudi mwakani. Tulirudi miaka mitatu mfululizo. Nimeyaweka sura ya pili, kwa kifupi, kwa sababu alipandisha macho nilipomuuliza kama niyafupishe.

Kilichonisukuma kuandika ni salamu. Jirani yetu, mama mtu mzima ninayemheshimu, hupita asubuhi akitoka kuanika dagaa. "Mwakeye," anamsalimia mama kwa Kiha. Kisha anamtazama mdogo wangu, anamtazama vizuri kabisa na kwa upendo, halafu anamuuliza mama: "Hajambo?" Miaka yote 17 ni hajambo, haijawahi kuwa hujambo. Herufi moja tu, a mahali pa u, na mtu aliye mbele yako ameshahamishiwa chumba kingine. Mama anajibu, "Hajambo, tunamshukuru Mungu," na mwenyewe yupo hapo hapo, anasikia, na siku nyingine ana jambo kwelikweli. Nilitaka kitabu ambacho yeye ni "mimi", kurasa zote, cha vijana wenzake.

Hadithi za namna hii nilizifikia kwa mlango wa Kiingereza, kwenye simu, steshenari ninakofanya kazi, kati ya fotokopi na fotokopi. Ya kwanza ilikuwa Stuck in Neutral ya Terry Trueman, iliyotoka mwaka 2000. Msimulizi ni Shawn, kijana wa miaka 14 wa Seattle, Marekani, asiyeweza kuamuru msuli hata mmoja, hata wa macho. Hakuna anayejua kwamba yumo humo ndani, na anaamini baba yake anapanga kumuua kwa huruma. Sikulala. Nilikwenda kumwangalia mdogo wangu kama anapumua, na yeye akafungua jicho moja kuniuliza nataka nini. Ya pili ni Out of My Mind ya Sharon Draper, ya mwaka 2010. Melody anakaribia miaka 11 na hajawahi kutamka neno. Anapata mashine ya kumsemea, anaingia timu ya chemsha bongo, na wenzake wanapanda ndege kwenda Washington wakimwacha. Hiyo nilimtafsiria mdogo wangu kwa mdomo, jioni kwa jioni. Tulipofika kwenye ndege alitoa ule mguno anaoutoa Yanga wakifungwa dakika za mwisho.

(Mtanishauri mashine. Najua zipo, hata za kufuata mboni za macho kwa mwanga usioonekana. Bei yake ni kiwanja na msingi wa nyumba. Kwa sasa katoni ya biskuti haikatiki umeme.)

Nilivipenda vyote viwili na nina ugomvi navyo. Shawn anakumbuka kila kitu alichowahi kusikia. Melody kichwa chake kinahifadhi kama kamera. Kwa nini? Ni kama mwandishi anatuomba radhi: samahani nimewaletea mtoto asiyeweza kujifuta kamasi, lakini ona, ndani nimeweka dhahabu. Mdogo wangu anasahau. Anasahau mwisho wa filamu tulizoangalia juzi. Aliniuliza mara tatu kama Seattle ni mtu. Hesabu anazichukia. Anapenda umbea, mpira na mhogo uliochemshwa mpaka ukavurugika. Ni kijana wa kawaida mwenye ulemavu mkubwa, na mimi huyo bado sijamkuta kitabuni.

Nisimwonee Trueman, ana mtoto wa kiume mwenye hali hiyo, na alikuwa akikisia kilichomo ndani kwa sababu hakuwa na njia ya kuuliza. Mimi ninayo. Wangu anaweza kuniambia uongo.

Tatizo langu lingine nimelitoa darasani. Sekondari tulisoma Takadini ya Ben Hanson, mtoto mwenye ualbino ambaye mama yake, Sekai, anatoroka naye ili asiuawe. Nililia kwa siri chini ya dawati. Kisha ukaja mtihani: eleza dhamira, taja ujumbe, jadili falsafa ya mwandishi. Tulifundishwa kumkamua mhusika kama chikichi mpaka atoe mawese, na makapi tukayatupa. Nilipoanza kuandika mkono wangu ulikamua wenyewe. Rasimu ya kwanza niliishia na kifo. Kijana wangu anaugua mapafu, anakufa alfajiri wavuvi wakirejea, na dada yake anajifunza thamani ya maisha. Niliuona ni msiba mzuri. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, akaomba boksi, akaandika polepole: a-li-ko-sa ni-ni.

Alikosa nini. Sikuwa na jibu. Nikamfufua kesho yake asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Kazini, kwa taarifa yenu, ninaandikia watu barua. Maombi ya kazi, malalamiko ya viwanja, barua za posa. Mteja anasimama nyuma yangu anasoma kwenye skrini, na akiona neno lisilo lake ananigusa bega: "Futa hapo, dada, mimi sisemi hivyo." Nafuta. Sijawahi kubishana na mteja. Sasa sijui kwa nini huyu mmoja nimemfungia boksi.

Maji yamechemka zamani. Narudi barazani.

*

Saa tano na nusu. Nimeomba msamaha, amekubali (juu, lakini kwa kuchelewa, ili niumie). Nikamuuliza vizuri: "Ule uongo ulikuwa wa nani? Wangu?" Kushoto. "Wa kijana wa kwenye hadithi?" Juu, juu, juu. "Unataka kijana adanganye?" Akatabasamu mpaka mate yakamtoka, nikamfuta.

Nikakaa kimya nikifikiri. Katika sura zote tatu kijana wangu hajafanya kosa hata moja. Anatazama, anaumia, anasamehe. Hajawahi kumchukia mtu, wala kutamani cha mtu. Kila mtu mwingine kwenye hadithi ana uchafu wake, hata mbuzi wa jirani.

"Amdanganye nani? Mama yake?" Juu.

"Kuhusu nini?"

Boksi. Betri ya simu ilikuwa imebaki kidogo na mwanga wake ndio tunaousomea, nikawa naimba irabu haraka kama mtoto wa chekechea. Ku. Shi. Ba.

"Kushiba?" Juu. Na akanitazama. Akanitazama kwa muda mrefu mno.

Jumatano ni siku ya mama ya vikoba, na mimi ndiye ninayemlisha. Ugali laini, dagaa wa kutwanga, mawese. Akifika kijiko cha sita au cha saba namuuliza umeshiba, anapandisha macho, naondoa sahani. Mama akirudi anamuuliza, "Dada yako amekulisha vizuri?" Macho kushoto. Basi mama anavua viatu, anammenyea ndizi alizojiwekea mwenyewe, anampondea na karanga, na mimi nasemwa. Nimesemwa miaka miwili. "Unamlaza mwenzio na njaa kwa ajili ya hiyo simu!" Mimi nikaamini labda ni uchovu wa misuli ya kutafuna, labda hamu inarudi baadaye. Niliandika hata aya nzima sura ya pili, ya kitaalamu kabisa, kuhusu uchovu huo. Na aliipitisha! Alipandisha macho bila kupepesa!

"Ndizi," nikasema. "Ulikuwa unataka zile ndizi."

Juu.

Alicheka mpaka mwili wote ukakaza na nikalazimika kumshika shingo, naye anacheka tu, na mimi nimeshika shingo ya mtu ambaye ningependa kumkaba. Nilimwita jina ambalo siliandiki hapa. Sikumbuki lini nilimkasirikia hivyo. Labda sijawahi.

Sura ya tatu nitaianza upya. Haina nyota zilizopotea njia. Kuna kijana, kuna sahani, kuna mama anakaribia mlangoni na mkoba wake wa vikoba. Kichwani ninayo sentensi ya kwanza, lakini ni ya kwake na nitamuuliza kwanza.

Mama ametoka na tochi sasa hivi kuuliza tunafanya nini usiku wote huu. Akaweka mkono kwenye paji la uso la mdogo wangu. "Maji amekunywa?"

Amekunywa vikombe viwili, kijiko kwa kijiko, nimemnywesha mimi, kabla ya kusoma. "Muulize mwenyewe," nikasema.

"Umekunywa maji, baba?"

Akanitazama mimi kwanza. Kisha, taratibu kabisa, kushoto.