Kaunta buku la baba na hesabu ya nani atatoka nyumbani

Baba yangu alikuwa balozi wa shina wa CCM hapa Tandika, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila uchaguzi mkuu ulipokaribia alitoa kaunta buku lake la kwaya tatu chini ya godoro, akavaa miwani, akaniita: "Njoo tuhesabu watu, mama." Mimi ni karani wa mahesabu kwenye duka la jumla la vitenge Kariakoo, kwa hiyo tangu 2005 tuligawana kazi. Majina yake, namba zangu. Tawi lilimtaka kila balozi alete jibu la swali moja: kwenye shina lako, watu wetu wangapi watakwenda kumpigia kura mgombea wetu wa urais?

Angalia swali lenyewe vizuri. Halikuuliza nani anakipenda chama. Liliuliza nani atatoka nyumbani. Ilinichukua miaka kumi kuelewa kwamba hayo ni maswali mawili.

Mwaka 2005 hatukuona tofauti. Uchaguzi ulisogezwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14 baada ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA, nami nilihofu watu watapoa kwa kusubiri. Hawakupoa. Baba alikuwa na wanachama 52 kitabuni, tukaandika kwamba 45 watapiga kura. Jioni ya siku ile alipita nyumba hadi nyumba akiangalia wino kwenye vidole, akarudi na 44. Alifurahi kama mtu aliyeozesha. Nchi nzima ilikuwa hivyo hivyo: walioandikishwa walikuwa milioni 16.4, waliopiga kura karibu milioni 11.9, na Kikwete, mgombea wetu, peke yake alipata kura milioni 9.1. Yaani ukichukua watu mia moja waliomo kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, 56 waliamka, wakapanga foleni, wakamchagua yeye.

Kwa hiyo 2010 nilifanya kile ambacho karani yeyote angefanya. Mgombea yule yule, chama kile kile, shina lile lile. Nikachukua uwiano wa 2005, nikauzidisha kwa wanachama 58 tuliokuwa nao sasa, nikapata 49. Baba akaipeleka namba tawini akiwa na uhakika nayo kabisa.

Oktoba 31 ilikuwa Jumapili. Baba alitoka baada ya Magharibi kwenda kuangalia vidole, akarudi kabla ya Isha, akakaa mkekani bila kuvua kofia. Vidole vyenye wino vilikuwa 25.

Alijiona amewadanganya viongozi wake. Mimi nilijua kosa ni langu, maana namba ilikuwa yangu. Matokeo ya nchi yalipotoka nikaona kumbe halikuwa jambo la Tandika peke yake. Daftari lilikuwa limefika watu milioni 20.1, waliopiga kura hawakufika milioni 9. Asilimia 42.8. Kikwete alishinda vizuri tu, lakini kwa kura milioni 5.3. Watu milioni 3.8 waliokuwa wake miaka mitano nyuma hawakuonekana tena kwenye hesabu yake. Watu wengi mitaani walisema wamehamia upinzani, kwa kuwa Dk. Slaa wa CHADEMA alipata kura milioni 2.3. Sikutosheka na jibu hilo. Nikajumlisha: Lipumba wa CUF na Mbowe wa CHADEMA mwaka 2005 walikuwa na kama milioni 2 kwa pamoja, Slaa na Lipumba mwaka 2010 hawakufika milioni 3. Upinzani umeongeza chini ya milioni moja, chama kimepoteza karibu milioni nne. Hata kama kila kura mpya ya upinzani ilitoka kwetu, bado kuna karibu milioni tatu za kutafuta. Na hao hawakwenda kwa mtu yeyote. Walibaki nyumbani, au hawakuwepo.

Wiki ile nilipita kwa wale ambao hawakupiga kura, kila jioni nikitoka kazini, nikiwa nimeshika kaunta buku. Sikwenda kuwalaumu. Nilitaka kujua, na watu ukiwaendea kwa heshima wanakuambia ukweli. Mama mmoja anayekaanga vitumbua alijiandikisha akiwa Yombo, akahamia kwetu, na kura unapigia pale ulipojiandikishia. Akaniuliza angeliacha karai lake saa ngapi afike Yombo, apange foleni, arudi. Mafundi ujenzi wawili walikuwa saiti Bagamoyo. Mzee mmoja miguu ilikuwa imevimba na wanawe walitoka mapema bila kumchukua. Yule aliniumiza, kwa sababu alikuwa amevaa kanzu tangu alfajiri akisubiri. Lakini jibu nililolisikia mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: "Si atashinda tu, dada? Kura yangu moja itaongeza nini?" Walisema hivyo watu waliokipenda chama kwa dhati, wenye kadi zilizolipiwa ada. Uhakika wa ushindi ndio uliowaweka nyumbani.

Halafu kulikuwa na majina manne ambayo sikupata wa kumuuliza. Wawili walikuwa wamefariki na wawili walihama zamani. Baba alijua. Wale marehemu aliwazika yeye mwenyewe. Nilipomuuliza mbona wamo bado kitabuni, alinijibu kwamba hakuwa na moyo wa kuwakata kwa kalamu.

Dukani tuna hesabu ya kitabu na hesabu ya stoo, na mwisho wa mwaka unazilinganisha kwa kushika jora moja moja kwa mkono. Ukiamini kitabu peke yake utauza mzigo usiokuwepo. Daftari la wapiga kura nalo huzeeka hivyo. Lile la kwanza liliandaliwa kuanzia 2004, likaongezewa watu, lakini kumwondoa aliyekufa ni kazi ngumu kuliko kumwingiza aliyefikisha miaka 18. Kwa hiyo ile asilimia 42.8 ya 2010 ni mambo mawili yaliyochanganyika: walio hai waliokaa nyumbani, na majina yasiyo na watu. Anayetabiri mwitikio wa mwaka fulani kwa kuangalia asilimia ya mwaka uliotangulia, bila kuuliza daftari lina umri gani, anarudia kosa langu.

Mwaka 2015 daftari likaandikwa upya kwa mashine za BVR, za alama za vidole na picha. Foleni za Dar es Salaam mwezi Julai mnazikumbuka. Watu waliamkia vituoni usiku wa manane, wengine waliandika namba kwenye viganja ili wasipoteze nafasi. Nilipoziona foleni zile nilimwambia baba mwaka huu watu watapiga kura, maana aliyelala nje kwa ajili ya kadi hawezi kuiacha kabatini. Baba alikuwa ameanza kuumwa, akaniachia kaunta buku lote. Nikakata mistari mipya.

Safu ya chama niliiacha kama ilivyokuwa, ila sikuitegemea. Niliongeza tatu. Je, alipiga kura 2010? Je, usiku wa jana alilala umbali wa kutembea kwa mguu hadi kituoni? Na ya tatu, ambayo ndiyo iliyonisaidia kuliko zote: nilimwambia mtu, "Naomba nikione kichinjio chako," yaani kadi ya kupigia kura, kisha nikaangalia saa. Wapo walioingia ndani wakatoka nacho kabla sijamaliza kusalimiana na watoto. Kilikuwa kwenye pochi, au ndani ya Biblia, au kimefungwa kwenye ncha ya khanga. Wapo waliosema, "Kipo, kipo, nitakitafuta." Sikuwauliza kama watapiga kura, kwa sababu kwa swali hilo kila mtu husema ndiyo. Hakuna anayependa kumwambia binti wa balozi kwamba hatakwenda.

Wakati huohuo mji mzima ulikuwa unahesabu kwa macho. CCM ilizindua kampeni Jangwani Agosti 23, uwanja ukajaa. Siku sita baadaye UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walimzindua mgombea wao wa urais, Lowassa, palepale Jangwani, uwanja ukajaa tena, na neno "mafuriko" likawa la kila kijiwe. Ningeulizwa, ningesema uwanja uliojaa unakuonyesha nani ana nafasi siku hiyo na kuna usafiri wa kiasi gani. Mtu wa Mbagala aliyesimama Jangwani huenda kajiandikisha Kilwa. Hata waliohesabu kitaalamu walipata taabu: utafiti wa simu wa shirika la Twaweza uliotangazwa Septemba ulimpa Magufuli, mgombea wetu, asilimia 65 na Lowassa 25, kura zikaja kuwa 58 na 40.

Wanachama wetu walikuwa 61. Niliandika 39 watapiga kura. Jumapili ya Oktoba 25 baba hakuweza kutembea, nikapita mimi kuangalia vidole. Arobaini.

Sitasahau namna alivyoutazama ule ukurasa. Alipitisha kidole jina kwa jina, na wale ambao mashine ya BVR iliwaacha nje kwa sababu walikwisha lala makaburini, safari hii niliwakata mimi. Hakusema kitu.

Ila kituoni tulizidiwa. Nilikwenda kusoma fomu 21A ya matokeo ya rais iliyobandikwa ukutani, kwa mwanga wa simu, na kura za upande wa pili zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kuziona mtaani kwetu. Jimbo la Temeke nalo likaenda CUF. Nilirudi nikiwa nimechanganyikiwa: watu wangu wote niliowatabiri walikwenda, hesabu ilikuwa sahihi, sasa hawa wengine walitoka wapi?

Walitoka kijiweni. Vijana wa bodaboda pale kona, mafundi simu, wasichana wa saluni ya uani. Walikuwa wamepanga foleni kabla ya saa moja asubuhi vituo vilipofunguliwa. Niliwapita siku zote nikienda kwa wanachama, nikawasalimia, sikumwomba hata mmoja kichinjio. Hawakuwa na historia ya kupiga kura, wengi 2010 walikuwa watoto. Hawakuwa na kadi ya chama chochote. Kwenye kitabu chetu hawakuwepo, na nilichokitabiri mimi kilikuwa mwitikio wa kitabu.

Miaka ya baadaye nilisoma kuhusu Gallup, kampuni ya kura za maoni ya Marekani, nikasimama kwenye jambo moja nikalisoma mara tatu. Kule majimbo kadhaa, kama Florida na Pennsylvania, mtu akijiandikisha kupiga kura anaandikwa na chama chake hapohapo, na rekodi za serikali zinaonyesha alipiga kura uchaguzi gani na gani, ingawa si kwa nani. Kwa hiyo vyama vinaweza kumpa kila mtu alama ya uwezekano wa kutoka nyumbani. Utajiri wa namna hiyo baba angeulilia. Pamoja na hayo, mwaka 2012, siku za mwisho kabisa, Gallup walipowauliza wote waliojiandikisha, Obama aliongoza 49 kwa 46. Kisha wakawachuja kwa maswali yao saba, yakiwemo kama mtu amewahi kupiga kura na kama anajua kituo cha mtaani kwake, wakabaki na wale wanaodhaniwa watapiga kura kweli. Baada ya mchujo mpinzani wake, Romney, akawa mbele, 49 kwa 48. Obama akashinda 51 kwa 47. Gallup wenyewe, walipochunguza kosa lao, walitaja mchujo huo kuwa moja ya sababu. Fedha zote zile na wataalamu wote wale, na waliponzwa na kitu kilekile kilichoniponza mimi: kuwaacha nje ya hesabu watu ambao siku ilipofika walitoka nyumbani.

Kwa yeyote aliyepewa kazi hii na chama chake, chama chochote, nina jambo moja la kuwaomba. Tazameni kura za mgombea wenu kama sehemu ya wote walioandikishwa, msizitazame kama sehemu ya waliopiga tu. Kwa upande wetu, kati ya kila watu 100 wa daftari, 56 mwaka 2005, 26 mwaka 2010, 38 mwaka 2015. Magufuli alipata milioni 8.9, karibu sawa na Kikwete wa 2005, lakini kwenye daftari la watu milioni 23. Asilimia za ushindi, zile 80 na 58 zinazotangazwa redioni, hazikuonyeshi aliyekaa nyumbani. Hizi zinakuonyesha, na yeye ndiye wa kumfuata mlangoni. Mwaka 2020 mwitikio wa nchi ulirudi karibu nusu ya daftari, na baba hakuwepo tena kuangalia vidole.

Usiku ule wa Oktoba 2015, baada ya kumsimulia habari za kijiweni, alikaa kimya muda mrefu huku redio ikisoma matokeo ya majimbo. Kisha akaniambia nifungue ukurasa mpya.

"Andika majina yao," akasema.

"Ya nani, baba?"

"Ya wale watoto wa pikipiki. Wanakaa kwenye shina langu."

Nikashika kalamu. Akaanza kunitajia: Kidoti. Masai. Mtoto wa Mama Chapati. Yule mrefu. Akanyamaza. Alikuwa balozi wao, alikuwa amewaona wakizaliwa baadhi yao, na hakuna hata mmoja tuliyejua jina lake la daftari. Kesho yake, kabla ya kupanda daladala ya Kariakoo, nilikwenda kijiweni na kaunta buku nikaanza kuuliza.