Maandamano na mtumishi wa umma: nani hasa anatakiwa asiwe na upande?

Mbukwenyi wadau. Hii mada nimeikwepa muda mrefu ila vijana wanaofanya kazi Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, hawaachi kuniuliza, na maswali yao yote yanarudi palepale: maandamano ya kuipinga serikali yakitokea, mtumishi wa umma akae vipi? Anyamaze? Alaani? Azime simu alale? Kwa wasionijua, mimi ni mstaafu, nimekuwa afisa utumishi kwenye halmashauri za huku kanda ya kati maisha yangu yote ya kazi, mafaili ya watu yamepita mikononi mwangu, ajira mpya, kuthibitishwa kazini, kupandishwa daraja, likizo, na ule upande mgumu wa nidhamu. Naongea kama mtu aliyeziishi hizo kanuni na bado naamini zina maana zikitumika sawasawa.

Dodoma yetu ni mji wa watumishi, hasa tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi. Ukikaa Kisasa, Ilazo, Iyumbu au Nzuguni, nyumba ya kushoto ni mtu wa wizara, ya kulia wakala wa serikali, mbele yako mwalimu, na mama ntilie na bodaboda na mwenye nyumba wote wanakula kupitia mshahara wa mtumishi. Kwa hiyo huku mtu akisema anaogopa kibarua kuota nyasi jua anaogopa kwa niaba ya watu wengi.

Ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, yakatokea yale maandamano, intaneti ikazimwa nchi nzima, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na kesho yake watumishi wakatangaziwa wafanyie kazi nyumbani isipokuwa wale ambao majukumu yao yanawalazimu kuwepo kazini. Watu walikufa. Rais aliapishwa hapahapa Dodoma tarehe 3 Novemba, na baadaye akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Haya yote yanajulikana. Kinachoongelewa kidogo ni ile hofu ya maofisini mtandao uliporudi, watu wakafuta picha, wakajitoa kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, wengine hadi kusalimia "poleni na msiba" wanaangalia nyuma kwanza.

Binti wa kaka yangu, bado ana miaka michache kazini, alinipigia akaniuliza, "Shangazi shikamoo, nikiweka mshumaa tu kwenye stetasi, bila maneno, ni kosa?" Nikamwambia marahaba mwanangu, kuomboleza marehemu si siasa, hakuna kanuni niliyowahi kuisoma inayomkataza mtumishi kulia. Akanyamaza kidogo akasema, "Lakini bosi anaweza asilione hivo." Na hapo ndo penye tatizo lote, maana yuko sahihi.

Sasa tuanze na kanuni zenyewe kwa sababu wengi wanazisikia kwa kusimuliwa tu. Tunaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, pamoja na kanuni za maadili za 2005. Kwa ufupi mtumishi wa kawaida anaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa na anaruhusiwa kupiga kura, ila asifanye siasa saa za kazi wala kwenye maeneo ya kazi, asitoe huduma kwa upendeleo kwa sababu ya itikadi yake, na asichukue taarifa au nyaraka za ofisi kukipelekea chama. Askari wao wako kivyao, Katiba Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote lakini inamwachia haki ya kupiga kura, na neno mwanajeshi pale linabeba JWTZ, polisi, magereza na JKT. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni, ya 20 uhuru wa kukutana na wenzake. Hakuna palipoandikwa kwamba ukipata cheki namba, ile namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara, unaacha kuwa raia.

Hiyo ni karatasi. Maisha ni kitu kingine, na ili ulielewe hilo inabidi urudi nyuma kidogo. Mwaka 1953 serikali ya mkoloni ilitoa waraka kuwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, na TANU ilipozaliwa 1954 makarani, walimu wa serikali na waganga, yaani wasomi wachache tuliokuwa nao, walifungiwa mlango kwa kisingizio kwamba mtumishi hana upande. Upande ulikuwepo, ulikuwa wa Mwingereza. Tukapata uhuru, mwaka 1964 baada ya maasi ya wanajeshi mlango ukafunguliwa, watumishi na askari wakaruhusiwa kuingia TANU, na 1965 tukawa nchi ya chama kimoja. Mimi nimeanza kazi kwenye miaka hiyo ya chama kimoja, tawi la chama lilikuwa palepale kazini, mkutano wa tawi ulikuwa kama mkutano wa idara na mtu asiye na kadi alionekana ana walakini. 1992 vyama vingi vikarudi, matawi yakaondolewa kazini, na kwa mara ya kwanza tukaambiwa mtumishi ahudumie serikali yoyote itakayochaguliwa. Ni kizazi changu kilichotakiwa kubadilika katikati ya safari, na nawaambia ukweli, ofisi nyingi zilibadilisha bango tu.

Ndo maana naposikia kiongozi anasema "watumishi msijihusishe na siasa" namsikiliza kwa makini nione anamwambia nani. Kama anamwambia nesi aliyelaiki posti ya mwanaharakati, halafu hamwambii mkuu wa idara aliyetoa gari la ofisi lenye namba za serikali kupeleka watu kwenye mkutano wa kampeni, basi hapo hakuna kanuni, kuna ubabe. Nimeshuhudia kwenye ofisi moja mtumishi akiandikiwa barua ya kujieleza kwa maneno aliyosema msibani, na wiki hiyohiyo walimu wa eneo hilo wameagizwa kwa mdomo wafunge shule waje kujaza uwanja kumpokea mgeni wa chama. Hakuna aliyejieleza kwa hilo la pili. Mtoto aliyekosa kipindi cha hesabu siku hiyo alidhulumiwa na siasa kazini, ile inayokatazwa na kanuni, ila kwa kuwa ilikuwa siasa ya wakubwa haikuitwa siasa.

Na hili la wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi lazima niliguse. Ni wateule wa Rais, ni watumishi wa umma, na wamekuwa ndo wasimamizi wa uchaguzi majimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu, kwenye kesi ya mwanaharakati Bob Chacha Wangwe, ilisema utaratibu huo unakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Sawa, mahakama ya juu imesema. Lakini jiulize mwananchi anayeamini kura yake haikuhesabiwa anamwangalia vipi mtumishi yule siku akienda kuomba kiwanja au kibali cha ujenzi, na mwalimu aliyekaa kituoni kama karani siku ya kura anarudi vipi darasani mtaa huohuo. Imani ikishavunjika hapo haijengwi na semina.

Kuna na ile kauli ya "mmeongezewa mishahara, mnataka nini tena". Mei Mosi 2025 kule Singida ilitangazwa nyongeza ya asilimia 35.1, kima cha chini kikatoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Nilifurahi kwa niaba ya wenzangu, wamehangaika mno. Ila mshahara unatoka kwenye kodi, kodi ya yule anayeandamana na ya yule anayemlaani, ya mkulima wa zabibu wa Hombolo na ya muuza mitumba wa Sabasaba. Nyongeza haimfanyi mtumishi awe na deni la shukrani kwa chama chochote. Deni lake liko kwa hao waliolipa.

Kwangu mimi kutokuwa na upande kunaonekana kwenye dirisha la huduma. Kijana kaletwa hospitali ana jeraha la risasi, umtibu, PF3, ile fomu ya polisi, itafuata, uhai kwanza, na usimuulize alikuwa anatoka wapi kwa sauti ya kumhukumu. Mama amekuja kuchukua cheti cha kifo cha mwanae, umuandikie kilichotokea kama daktari alivyokithibitisha, usimzungushe njoo kesho njoo keshokutwa kwa sababu kifo chenyewe kina maneno. Kijana aliyewahi kukamatwa kaomba mkopo wa halmashauri na kikundi chake, angalia vigezo. Na upande wa pili pia, wewe ambaye moyo wako uko kabisa na waandamanaji, akija kada wa chama tawala na shida yake mhudumie kwa adabu ileile, faili lake usilifiche, na barua ya siri iliyopita mezani kwako usiipige picha ukairusha mtandaoni kwa hasira. Hasira yako naielewa, lakini ukifanya hivo umempa bosi mbaya ushahidi anaoutafuta, na umempunguzia mwananchi sababu ya kukuamini.

Wengine wananiambia shangazi hayo ni ya Afrika tu. Hapana. Hong Kong mwaka 2019, wakati wa yale maandamano makubwa, watumishi wa serikali waliitisha mkutano wao tarehe 2 Agosti jioni, Ijumaa, baada ya saa za kazi, kwenye bustani ya Chater Garden. Waandaaji walisema wamefika zaidi ya watu 40,000, polisi wakasema 13,000. Serikali yao iliwakumbusha mapema kwamba mtumishi lazima awe mtiifu na asiwe na upande kisiasa, wao wakajibu tumekuja kama raia. Kilichofuata ndo kilinishtua zaidi, maana mwanzoni mwa 2021 watumishi wote walitakiwa kusaini tamko la utii kwa serikali, na 129 kati ya zaidi ya 170,000 hawakusaini, wakawekwa kwenye mstari wa kuondolewa. Unaona safari ilivyokwenda, wameanza na "usiwe na upande" wakaishia na "thibitisha kwamba uko upande wetu". Hizo amri mbili haziwezi kukaa kichwa kimoja, na mtumishi wa Tanzania azitofautishe mapema. Utii kwa sheria na kwa serikali iliyopo kihalali, ndiyo. Kushabikia, hapana, si sehemu ya kazi, na hakuna mwenye haki ya kukudai ushabiki, awe mkurugenzi au waziri.

Kwa hiyo mwanangu, na wadogo zangu wa Mtumba na wilayani, mfanye nini kwa vitendo? Ukipewa agizo la mdomo linalonuka siasa, mfano kuandika majina ya watumishi waliotoroka kazini siku ya maandamano kwa kukisia tu, omba kwa heshima liandikwe. "Naomba maelekezo kwa maandishi ili nitekeleze vizuri." Sentensi hiyo haina ukaidi na imeokoa watu wengi, maagizo mabaya mengi hufia hapo kwa sababu hakuna anayetaka saini yake iwe chini ya agizo kama hilo. Ukiandikiwa barua ya kujieleza usijibu kwa simu wala kwa kulia ofisini, jibu kwa maandishi, baki na nakala nyumbani. Na adhabu ikikupata kumbuka rufaa ipo, Tume ya Utumishi wa Umma haikuwekwa kwa mapambo, nimeona watu wakirudishwa kazini kwa sababu mwajiri alikiuka utaratibu. Ila muda wa kukata rufaa una ukomo, kwa hiyo usikae miezi unasubiri bosi apoe.

La mwisho ni kwa viongozi wa vyama vyetu vya wafanyakazi, TUGHE, TALGWU, CWT. Makato mnachukua kila mwezi. Daini waraka unaoeleza wazi mtumishi anaruhusiwa nini kwenye simu yake binafsi nje ya saa za kazi, na kwenye waraka huohuo iandikwe adhabu ya bosi anayetumia gari, muda na watumishi wa umma kwa shughuli za chama, chochote kile. Viwe kwenye karatasi moja, visomwe siku moja, kwa wakubwa na wadogo pamoja.