Makochi ya Nje na Mafundi wa Keko

Kila Waziri wa Fedha anaposoma bajeti bungeni mwezi Juni, huibuka tena hoja kwamba bidhaa za kigeni zipandishiwe ushuru ili mgeni alipe. Mgeni halipi. Anayelipa ni aliyeagiza mzigo, kupitia wakala wake wa forodha, kabla kontena halijaruhusiwa kutoka Bandari ya Dar es Salaam.

Tuchukue seti ya makochi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia ushuru wa pamoja wa forodha mwaka 2005, ukiwa na viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 ikaongeza ngazi ya nne ya asilimia 35, ambamo samani zimo. Thamani inayotozwa ni bei ya kununulia pamoja na bima na nauli ya meli, hivyo nauli ikipanda, ushuru nao hupanda. Tuseme thamani hiyo ni shilingi 1,000,000. Kwa asilimia 25, ushuru ni 250,000, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inatozwa juu ya 1,250,000, wala si juu ya ile milioni ya mwanzo, na mzigo unafika 1,475,000, tukiziacha tozo nyingine ndogondogo. Kwa asilimia 35 unafika 1,593,000. Ushuru umeongezeka kwa laki moja tu, lakini gharama imeongezeka kwa 118,000, na muuzaji wa Kariakoo hajaweka faida yake bado.

Kwa fundi wa samani wa Keko, jijini Dar es Salaam, hiyo ni nafuu ya kweli, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka apate kazi. Hata hivyo, kochi la nje likipanda, naye hupata mwanya wa kupandisha la kwake, na nyongeza hiyo haiingii Hazina hata senti moja. Marekani ilipoziwekea ushuru mashine za kufulia mwaka 2018, zilipanda bei hata zile zilizotengenezwa humo humo, na pia mashine za kukaushia nguo, ambazo ushuru haukuzigusa, kwa kuwa wateja wengi huzinunua kwa jozi.

Isitoshe, kitambaa, bawaba na reli za droo anazotumia fundi huyo mara nyingi zimepita bandari ile ile. Ushuru wa vitu hivyo usipopunguzwa, kinga ya asilimia 35 kwake ni pungufu sana ya inavyosomeka kwenye jedwali, na hapo ndipo ningeanza kabla ya kuligusa tena kochi lenyewe.