Nilivyojifunza kumweleza mtu kwa Kiingereza hadi akatambulika

Msamiati haukuwa shida yangu. Daftarini nilikuwa na maneno tele: mrefu, mfupi, mwembamba, kidevu, kope, sharubu, kila moja na Kiingereza chake pembeni. Lakini nikiulizwa mtu fulani yukoje, nilichotoa kilikuwa Kiswahili kilichovishwa maneno ya Kiingereza.

Mambo yalianza kukaa sawa nilipoacha maneno nikashughulikia vitenzi. Sisi "ana" inatutosha karibu kwa kila kitu: ana nywele fupi, ana miaka arobaini, ana kipara. Kiingereza kinagawa kazi hiyo. Nywele, macho, ndevu na kovu vinachukua "have", kwa hiyo "she has short hair". Urefu, umbo, umri na hata kipara vinachukua "be": "he is tall", "he is bald", "she is forty". Mavazi na miwani vina "wear", na hapo ndipo pana mtego wetu hasa. "Amevaa" ina "-me-", na darasani "-me-" hutafsiriwa "has". Ila aliyevaa koti sasa hivi "is wearing a coat", kama vile aliyesimama "is standing" na aliyekaa "is sitting". Nilichora safu tatu, nikahamishia kila neno chini ya kitenzi chake. Sikuongeza neno hata moja, lakini yale niliyokuwa nayo yakaanza kufanya kazi.

Nywele zilidai uangalifu wake. Kwetu ni nyingi, kwao ni kitu kimoja: "her hair is long". Ukisema "hairs" unazungumzia unywele mmoja mmoja, kama ile inayobaki kwenye chanuo. Tena nywele ni "long", "tall" wanaachiwa watu, miti na majengo. Sifa zikiwa kadhaa, urefu hutangulia, kisha namna zilivyojikunja, kisha rangi: "long curly black hair". Ukizigeuza, sikio la mwenye lugha linashtuka hata kama hawezi kukueleza sababu.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote lilikuwa mchezo. Mimi na mwenzangu tuliyekuwa tukijifunza pamoja tulikata picha za watu tusiowajua kwenye magazeti ya zamani, tukazitandaza mezani. Mmoja anachagua picha kimoyomoyo na kuieleza kwa Kiingereza, mwingine anaitafuta. Mara moja ukaonekana upungufu wa yale tunayokaririshwa. Vitabu vya Kiingereza vinapenda rangi ya macho, lakini kwenye meza iliyojaa watu wenye macho meusi, "dark eyes" haimwondoi mtu yeyote. Kinachomtenga mtu ni mwanya, kovu juu ya nyusi, mabega mapana, namna alivyosuka. Nikajifunza kutupa vitu vitatu vinne vya maana na kunyamaza. Vihusishi viwili vidogo vilibeba mzigo mkubwa: "with" kwa kilicho mwilini na "in" kwa nguo. "The woman with a gap between her front teeth." "The man in the striped shirt." Picha inachukuliwa, mchezo unaendelea.

Kielelezo kizuri cha mpangilio nilikipata kwenye matangazo ya polisi ya kutafuta watu waliopotea, yanayoandikwa kwa Kiingereza. Ni mafupi na hayana mapambo, maana yameandikwa ili mtu atambulike. Aghalabu hutaja umri, halafu kimo, umbo kama "slim build" au "medium build", nywele, kisha mavazi. Wamarekani na Waingereza wengi bado hutaja kimo kwa futi na inchi. Futi moja ni sentimita 30.48 na ina inchi 12, kwa hiyo "five foot six" ni karibu sentimita 168.

Adabu ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu haimo kwenye kamusi. Kwetu "umenenepa" inaweza kuwa pongezi kamili, dalili kwamba maisha yamekunyookea. Kiingereza chake usimpe mtu usoni. "Fat" ni neno zito hata kwa mtu asiyekuwepo. "Heavily built" au "large" linapita kwa usalama. Upande wa pili, "slim" ni sifa, "thin" inategemea sauti, na "skinny" mara nyingi ina kijembe. "Mzee" kwetu ni heshima, lakini "old man" haibebi heshima hiyo, afadhali "elderly". Na mtu tunayemwita mweupe usimwite "white", maana hapo umemtaja Mzungu. Sema "light-skinned". Maji ya kunde sikumpatia neno moja linalomtosha, nikabaki na "medium brown skin".

Kuhusu "he" na "she", ambazo "yeye" yetu haitutayarishi nazo, nilijiwekea kawaida ya kuanza kila maelezo kwa "this man" au "this woman". Jinsia ikishatamkwa mwanzoni, ulimi unafuata wenyewe, angalau kwa sentensi kadhaa.

Nywele za kipilipili ndizo zilizonitatiza hadi mwisho. Nilikuta zikiitwa "kinky", "coily" na "tightly curled", na wenye nywele hizo wenyewe hawakubaliani lipi ni bora. "Kinky" ina maana nyingine pia, ya mambo ya chumbani, na inategemea nani anasikiliza. Mbele ya watu nisiowajua natumia "tightly curled".