Nilivyoliimba solo la Brian May kabla ya kulipiga

Ukipiga muziki kwenye mahoteli ya Unguja, ombi la wimbo wa Queen, ile bendi ya Uingereza, litakufikia tu. Freddie Mercury, mwimbaji wao, alizaliwa hapa mwaka 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara. Wageni hushinda Mji Mkongwe wakitafuta alipokulia, na usiku huja kuuliza bendi: "Bohemian Rhapsody" mnayo? Hatukuwa nayo. Wenzangu waliogopa zile sauti za opera za katikati. Mimi niliogopa solo, kile kipande cha gitaa cha Brian May, mpiga gitaa wao, ila sikusema.

Gitaa nimelijua kupitia dansi na sebene. Nilikua nikimwiga Diblo Dibala, yule Mkongo mwenye vidole visivyoshikika. Kwenye sebene unapata kipande kitamu, unakizungusha mpaka wachezaji walowe jasho, ndipo unageuza. Kwa hiyo nilipolisikiliza solo la May kwa makini mara ya kwanza, nililidharau. Ni kama nusu dakika tu! Nikajipa siku mbili.

Wiki mbili baadaye noti zote nilikuwa nazo, na bado lilisikika kama mtu anayesoma namba ya simu.

Nikalaumu vyombo. Gitaa la May alilitengeneza yeye na baba yake, kuanzia mwaka 1963, shingo yake wakaichonga kutoka kwenye mbao ya meko ya zamani, na ndani wakatia springi za valvu za pikipiki. Badala ya piki, kile kidude cha kukwanyulia nyuzi, anatumia sarafu ya Kiingereza ya peni sita. Basi nami nikachukua shilingi 50. Ilinitafunia waya, na mlio ukawa wa kukwangua ukoko wa sufuria. Nikahamia kulaumu funguo, yaani noti ambayo muziki unaiegemea. Solo liko E flati, mahali pazuri kwa mtu wa piano, lakini kwenye gitaa nyuzi nyingi zikiachwa wazi hazikubali. Nikamwomba mpiga kinanda tupandishe hadi E. Akaniuliza kama nitamlipia mwimbaji dawa ya koo.

Aliyenitoa ni mzee wetu wa besi. Alinisikiliza mazoezini, akazima ampu yangu.

"Hebu liimbe."

"Mzee, mimi si mwimbaji."

"Sikukwambia uimbe vizuri."

Nikaanza. Nikakwama sentensi ya pili. Vidole vilikuwa vinajua njia, mdomo haujui hata tunakwenda wapi.

Mwezi mzima uliofuata gitaa nililigusa kwa nadra. Nilipunguza kasi ya wimbo kwenye simu hadi nusu, nikawa natembea Kikwajuni mpaka Darajani nikiguna "na-na-naa" kama mwendawazimu. Hapo ndipo nikasikia ambacho macho yangu kwenye freti hayakukiona. Kila kipande kinaishia pale ambapo mtu angevuta pumzi. Mimi nilikuwa naviunganisha vyote. May amewahi kueleza kwamba hakutaka kuirudia sauti ya Freddie kwa gitaa. Alitaka kijiwimbo kingine, chenye maneno yake mwenyewe. Ndivyo kilivyo: mwimbaji ananyamaza, mwingine anapokea habari ileile kwa upande wake. Mbio zimewekwa mwishoni tu, kisha ghafla kila kitu kinakatika, piano inabaki ikidonoa peke yake.

Shida iliyobaki ilikuwa kuvuta waya, yaani kuusukuma kwa kidole pembeni ili noti ipande. Kwenye dansi hatuvuti sana, kwa hiyo noti zangu zilikuwa zinafika chini kidogo ya panapotakiwa, kama mtu anayeruka mtaro akaangukia ukingoni. Nikafunga nyuzi nyembamba, kama za May, halafu nikawa naimba kwanza noti ninayoiendea, ndipo navuta mpaka waya na koo vikubaliane.

Tangu hapo nasikiliza masolo mengine kwa mdomo. Lile la pili la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd kwenye "Comfortably Numb" ya 1979 ni refu, lakini naweza kuliguna karibu lote, ingawa alilipata kwa kupiga mara kadhaa na kuchagua vipande vilivyo bora. Mwisho wa "Hotel California" ya bendi ya Eagles, Don Felder na Joe Walsh wakipokezana kisha wakienda pamoja, mtu wa dansi analielewa siku ya kwanza. Magitaa mawili kusemezana ni mambo ya nyumbani. Yapo pia ya kasi kweli kweli, ambayo nayaheshimu kama ninavyomheshimu mkimbiaji wa mita 100. Akishapita, amepita.

Usiku tulioupiga wimbo, opera tuliifupisha bila aibu. Solo langu lilikwenda vizuri, isipokuwa kipande cha tatu, ambapo nilivuta waya nikachelewa kuuachia. Nilidhani hakuna aliyesikia. Tulipokuwa tunakunja nyaya, mzee wa besi alikuwa anapiga mluzi lile solo, taratibu, mwanzo hadi mwisho, na kwenye kipande cha tatu akachelewa palepale nilipochelewa mimi.