Chupa ya Devalopa Ifunguliwe Mara Ngapi?

Miezi kadhaa iliyopita niliharibu karatasi 11 za picha kwa usiku mmoja, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nasafisha picha za akina mama wanaochambua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kutoka kwenye negativu ambazo najua fika kwamba ni nzuri, lakini kila karatasi iliyotoka kwenye trei ilikuwa na weusi wa majivu, kana kwamba mtu ameipitishia kitambaa chenye vumbi. Nikaishuku taa ya enlaja, mashine inayokuza negativu kwenye karatasi, nikashuku karatasi, nikaongeza sekunde za mwanga mara tatu, na kila nilipoongeza, picha ilizidi kuwa chafu bila kuwa nyeusi. Ilipofika saa saba usiku nilichoka, nikawasha taa ya kawaida, na hapo nikaona kwamba devalopa, yaani dawa inayoitokeza picha kwenye karatasi, iliyokuwa kwenye trei ilikuwa na rangi ya kahawa ya kijiweni. Chini ya taa nyekundu ya chumba cha giza dawa ya namna hiyo huonekana safi kama maji, kwa kuwa mwanga mwekundu hupita kwenye rangi ya kahawia bila kuzuiwa sana, na mimi nilikuwa nimeimimina kutoka kwenye chupa taa nyekundu ikiwa imeshawaka.

Jambo lililonisumbua ni kwamba dawa ile haikuwa ya zamani. Niliichanganya wiki tisa kabla, ilhali maelekezo ya Dektol ya Kodak, ambayo ni ndugu wa karibu wa dawa ninayopima mwenyewe, yanataja miezi 6 kwa chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, miezi 2 kwa chupa iliyojaa nusu, na saa 24 kwa dawa iliyokwisha kumiminwa kwenye trei. Kwa hesabu ya kalenda nilikuwa nimepitiliza siku chache tu, na siku chache hazigeuzi dawa kuwa kahawa.

Ninachotumia ni D-72, ambayo katika kila lita ina metoli gramu 3, salfaiti ya sodiamu gramu 45, haidrokwinoni gramu 12, kabonati ya sodiamu gramu 80, ambayo ni jamaa wa magadi ya jikoni, na bromaidi ya potasiamu gramu 2. Metoli ndiyo inayoianzisha picha upesi, na haidrokwinoni ndiyo inayoipa kina cha weusi na kuihuisha metoli inapochoka. Zote mbili hushambuliwa na oksijeni, hasa ndani ya maji yenye kabonati, na salfaiti imewekwa humo ili iumie badala yao. Salfaiti inapokwisha, haidrokwinoni yenyewe huanza kuunguzwa na oksijeni, rangi ya kahawia hukolea, na weusi wa picha hupotea kwanza wakati rangi za kijivu bado zinajitokeza vizuri. Ndiyo maana fundi huweza kukaa usiku mzima akiilaumu karatasi: picha inatokea, ila haikomai.

Nikakaa chini na kupiga hesabu. Chupa ya lita 1 iliyobaki nusu ina nusu lita ya hewa, na moja ya tano ya hewa hiyo ni oksijeni. Kwa mwinuko wetu hapa Mwanza, ambao ni zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, oksijeni hiyo inaweza kula takribani gramu 1 ya salfaiti, na nusu lita ya dawa ina gramu 22 na nusu. Kwa hiyo chupa iliyobaki nusu ikifungwa kisawasawa na kuachwa, hewa iliyomo peke yake haiwezi kuimaliza. Kinachoimaliza ni kuifungua tena na tena. Kila kizibo kinapofunguliwa hewa mpya inaingia, na kila dawa inavyopungua ndivyo mgawo wa hewa unavyokua huku salfaiti ya kupambana nayo ikipungua. Ile chupa yangu niliifungua karibu kila jioni, wakati mwingine kwa ajili ya karatasi mbili tu za majaribio, na chupa yenyewe ilikuwa kidumu cha plastiki cha aina ile laini ambayo yenyewe hupitisha oksijeni polepole.

Mzee aliyenifundisha kazi hii, katika studio ndogo karibu na Makoroboi, alikuwa akitia gololi ndani ya chupa ili dawa ipande hadi shingoni. Nilimwiga kwa miaka mingi kwa heshima, lakini sasa naona kwamba gololi zina taabu kuliko faida. Gololi ya kawaida ya milimita 16 ina ujazo wa mililita 2 na kidogo tu, hivyo ukitaka kuziba nafasi ya robo lita utahitaji gololi zaidi ya 115, na watoto wa mtaa mzima watakuwa mlangoni kwako. Juu ya hayo, zinashika mabaki ya dawa ya zamani na kuyarudisha kwenye dawa mpya.

Siku hizi nikichanganya lita 1 naigawa palepale kwenye chupa nne za kioo za mililita 250, zile ndogo za pombe kali zenye kizibo cha kusokota, na ninajaza kila moja mpaka dawa iguse kizibo. Chupa moja pamoja na maji mililita 500 inanitosha kwa trei na kwa kazi ya usiku mmoja, kwa hiyo kila chupa inafunguliwa mara moja tu katika uhai wake, na kilichobaki kwenye trei namwaga, hata moyo ukiuma. Lebo za pombe nazibandua zote na kuandika SUMU kwa rangi nyekundu, kisha kabati linafungwa kwa kufuli, kwa sababu wageni wa nyumba hii hawaulizi mara mbili wanapoona chupa ya aina ile.

Maji ya bomba nayachemsha na kuyaacha yapoe kwenye sufuria lenye kifuniko, kwa kuwa kuchemsha hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani yake. Sufuria la shaba lisitumike kabisa, maana chembe za shaba huharakisha kuungua kwa dawa.

Joto nalo lina sehemu yake. Dawa hizi zinapenda kuhifadhiwa chini ya nyuzi 20, na chumba changu chini ya bati, mwezi wa Septemba mchana, hakijui kabisa nyuzi 20 ni kitu gani. Jokofu silipendi, kwani baridi kali huifanya dawa itoe fuwele, na isitoshe lina samaki. Chupa zangu nimezifukia hadi shingoni kwenye beseni la mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, kwa kanuni ileile inayoupoza mtungi.

Rangi pekee siiamini tena. Dawa yenye rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi mara nyingi bado inafanya kazi, na zile zinazotengenezwa kwa asidi askobiki, yaani vitamini C, zinaweza kufa zikiwa bado maji matupu. Kila ninapochanganya dawa mpya nachukua kipande cha karatasi, nakimulika kwenye mwanga wa chumba, nakiweka kwenye dawa kwa dakika 2, nakipitisha kwenye haipo, dawa ya kuifanya picha idumu (jina lisilo na bahati katika lugha yetu, kwa kitu kilichopo), nakiosha na kukikausha. Hicho ndicho kipimo changu. Chupa ikifunguliwa baadaye, kipande kingine cha boksi lilelile hupitia njia hiyohiyo, na vyote viwili vinalazwa dirishani mchana.

Chupa ya nne ya fungu la kwanza niliifungua Jumamosi, ikiwa na miezi minne. Nilivigeuzageuza vipande vile viwili mezani mpaka nikasahau kipi ni kipi, ikabidi nisome maandishi ya penseli mgongoni.